Bi Mkubwa Apata Difu Nyingine

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Asubuhi manyunyu mepesi, upepo hakuna. Kufikia saa tatu jua kali.

Nimepigwa na butwaa. Nimekaa, nimesimama, nimekunywa maji. Butwaa liko palepale.

Kaka ametangaza wakati wa chai, mkate bado mdomoni, kwamba gari la marehemu Baba litauzwa. Kwa Bwana Chakavu, mnunuzi wa vyuma! Kwa kilo! Kama kopo la rangi lililokwisha! Sababu aliyoitoa ni kwamba linakunywa mafuta kana kwamba yanatoka bombani. Sababu yenyewe hasa ilikuwa imekaa kuliani kwake, inapaka siagi. Wifi. Mke wa kaka yangu anataka banda la gari. Ameagiza tanuri kubwa la kuokea mikate, la chuma tupu, na hata kulitaja analitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema habari za mtoto aliyelala.

Baba alilinunua gari lile kabla sijazaliwa, akaliita Bi Mkubwa. Mama alinuna mwaka mzima. Rangi ya maziwa, usukani mpana kama sinia, kiti cha nyuma cha kulala mtu mzima. Nikifungua mlango wa dereva bado nasikia mafuta ya nywele ya Baba. Sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Nilisema haliuzwi. Kaka akasema si langu peke yangu. Mama akasema anakwenda kutazama sufuria jikoni. Jikoni hakukuwa na sufuria.

Mwishowe Kaka akalegea, kwa sababu niliacha kula na hilo humtisha. Akasema haya, tupimane. Jumapili tutajaza tangi hadi shingoni, tutakwenda kiwanda cha saruji na kurudi, tutajaza tena. Bi Mkubwa akitoa kilomita kumi kwa lita, anabaki. Asipotoa, anakwenda zake. Wifi alicheka hadi kisu cha siagi kikaanguka. Akaniambia, "Wifi yangu, hilo likitoa kumi, mimi nahamia humo na mito yangu."

Bi Mkubwa hutoa nane. Siku akiamka vizuri, nane na nusu.

Ninahitaji mpango.

Baadaye: Mpango umepatikana! Nimesoma kitabu cha gari cha Baba, sura ya ekseli ya nyuma, mara mbili, kwa rula. Siri yote iko kwenye difu. Difu ni lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Ndani mna gurudumu kubwa la meno na dogo la meno. Injini inazungusha propela, yaani lile fito refu la chuma lililolala chini ya gari. Propela inazungusha difu. Difu inazungusha magurudumu. Kwa Bi Mkubwa, propela huzunguka karibu mara nne ili gurudumu lizunguke mara moja. Mara nne! Ndiyo maana anakunywa! Nikipata difu ambayo propela yake huzunguka mara tatu tu, injini itatembea mahali inapokimbia sasa.

Aliyekwenda shule halali njaa!

Taa nimezima saa nne na nusu.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mawingu asubuhi, yakaondoka bila kufanya lolote.

Niliomba ruhusa kazini. (Natunza stoo ya shule ya bweni. Niliacha kila kitu kimepangwa, sabuni upande wa sabuni.) Nikaenda kwa Bwana Chakavu, adui mwenyewe, lakini hakuna mwingine mwenye ekseli nyingi vile. Nilichukua chaki na jeki.

Njia ya kupima nimeitoa kitabuni. Unachora mstari wa chaki kwenye gurudumu, mwingine kwenye propela. Unazungusha gurudumu mzunguko mmoja, unahesabu propela imezunguka mara ngapi. Basi. Kitabu kina aya nyingine mbili chini ya hapo, za maandishi madogo. Sikuwa na miwani.

Nilipima tatu, zote zikatoa nne na zaidi. Nikakata tamaa. Halafu nikaiona ya nne, chini ya mabaki ya gari lisilo na mwili, limeegemea upande mmoja, gurudumu la kushoto limefukiwa na mchanga, la kulia liko hewani linanisubiri. Ekseli ya kiwanda kilekile kilichomzaa Bi Mkubwa! Nikachora chaki. Nikazungusha. Propela ikaenda mara moja... mara mbili... ikafika nusu, na mstari wa gurudumu ukawa umerudi juu.

Mbili na nusu!

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nikarudia. Mbili na nusu. Hata kitabu hakikutaja difu ya namna hiyo. Bwana Chakavu akaja kuuliza kama nimeumwa na kitu. Nikajikaza, nikasema naitazama tu. Akaniambia hiyo ilikuwa ya gari la kukokota mawe kwenye machimbo, ina nguvu za shetani. Nilitikisa kichwa kwa upole. Hawa watu wanauza dhahabu kwa bei ya kokoto.

Hakutaka pesa. Alitaka chuma cha uzito uleule au zaidi. Nikafikiri. Nikalikumbuka bafu la chuma lililoko nyuma ya nyumba yetu, lile lenye miguu ya simba, ambalo Baba alilinunua mnadani likashindwa kupita mlangoni. Halitumiki.

Alituma mkokoteni saa tisa, ukaleta ekseli, ukaondoka na bafu. Kila kitu kimya kimya.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Jua. Mama ametoka na nguo chafu kifuani, akaenda nyuma ya nyumba, akasimama. Nilimwona kwa dirisha. Alisimama muda mrefu mbele ya alama nne za miguu ya simba zilizobaki kwenye nyasi.

Kumbe bafu linatumika. Kumbe amekuwa akilowekea mashuka humo tangu nikiwa darasa la tatu. Sijui kwa nini watu hawaniambii mambo.

Akasema tumeibiwa. Nikasema wezi wa siku hizi hawana haya. Wifi, ambaye anaona mpaka yaliyofichwa chini ya kapeti, akaniuliza mbona viatu vyangu vina kutu. Nikasema ni vumbi la stoo. Akasema stoo ya sabuni ina kutu? Nikaondoka.

Fundi amekuja na vifaa vyake. Tunamwita Fundi Mbona kwa sababu hawezi kuanza kazi bila kuuliza mbona. Mbona unatoa difu nzima? Mbona unaweka ya gari la mawe? Nikamweleza kwa subira, mbili na nusu, propela, injini kupumzika. Akakuna shingo. Akasema mbona hajawahi kusikia mbili na nusu. Nikamwambia ndiyo maana yeye yuko chini ya gari na mimi niko juu. Akacheka, akasema sawa dada, mbona hasira. Akaifunga. Imekaa utadhani imezaliwa hapo.

Fito, magurudumu, breki, vyote vimerudi. Kaka alipouliza tunafanya nini bandani nikasema tunapaka grisi. Si uongo. Tulipaka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ukungu alfajiri. Barabara kavu.

Nimefanya majaribio ya siri, peke yangu, viatu nimevua ili nisikanyage mafuta kwa nguvu. 

Kwanza: Bi Mkubwa ana hasira mpya. Nilipoachia klachi aliruka kama mbuzi. Nilifika getini kabla sijawa tayari.

Pili: anaimba. Zamani alikuwa ananguruma, sasa anaimba, tena kwa sauti ya juu. Nimechukua hiyo kuwa ni furaha.

Tatu, na hapa ndipo nilipoacha kupumua: toka nyumbani hadi kiwanda cha saruji ni kilomita ishirini. Imekuwa ishirini maisha yangu yote. Jiwe la kando ya barabara limeandikwa ishirini. Mita ya Bi Mkubwa leo imesoma ishirini na sita! Kurudi, ishirini na sita tena! Nilisimama kando ya njia nikafikiri kwa utaratibu. Mita ya gari ni chombo cha kisayansi. Jiwe ni jiwe. Tena lilipandwa zamani, na kidato cha pili tulifundishwa kwamba vitu hutanuka kwa joto. Chuma cha reli hutanuka. Kwa nini lami isitanuke? Na joto la miaka hii kila mtu analilalamikia.

Kumbe barabara imekuwa ndefu na hakuna aliyepima!

Nimejaza tangi. Lita tano. Hamsini na mbili gawanya kwa tano. Nimegawanya mara tatu, mara moja kwa kalamu nyekundu.

Kumi na nukta nne!

Niliingia ndani nikiwa siwezi kujizuia. Niliwakuta sebuleni. Nikasema kesho wasijisumbue kuvaa nguo nzuri kwa sababu wataaibika. Wifi akasema anajivunia wifi mwenye imani. Nikasema nikishindwa nitamtoa Bi Mkubwa kwa mkono wangu, na hilo tanuri lake nitalivuta mwenyewe hadi bandani. Akauliza, "Mwenyewe?" Nikasema mwenyewe. Akamgeukia Mama akasema mama, umesikia. Mama akasema yeye anachotaka ni bafu lake.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Anga safi kabisa. Laiti ingenyesha.

Sijui nianzie wapi. Nitakwenda kwa mpangilio.

Tulijaza tangi mbele ya wote. Mimi usukanini, Kaka kando, Mama nyuma na mkoba wake. Wifi alitufuata na kigari chake kidogo, kile kinachofanana na kiatu cha shule. Niliendesha sitini kamili, kwa uangalifu, sindano ya mwendo haikutikisika. Bi Mkubwa aliimba njia nzima. Kaka alilazimika kupaza sauti. Aliuliza kama kuna kitu kinaungua. Nikasema ni bidii.

Halafu yakaanza mambo ya ajabu. Basi likatupita. Lori la saruji likatupita. Trekta! Trekta lenye jembe lilitupita, na dereva wake akatuonyesha ishara ya kutuhurumia. Kwenye mteremko kijana wa baiskeli alitupita akamwamkia Mama, Mama akamuitikia vizuri.

Tukasimamishwa na askari wa barabarani. Nilijua ni kwa mwendo wa kasi, nikaanza kuomba radhi. Akasema hapana mama, wewe umetufungia barabara, tazama nyuma. Nikatazama. Foleni hadi kwenye kona, na Wifi mbele ya foleni ametegemeza shavu mkononi. Nikamwambia askari naenda sitini. Akanionyesha kijitochi chake cha kupimia. Arobaini na sita. Nikasema chombo chake kina kasoro. Kaka akanikanyaga mguu. Askari akasema anaheshimu umri wa gari, twende, lakini tukae pembeni pembeni.

Tukafika kiwandani, tukarudi, na kwenye kituo cha mafuta tukajaza tena. Lita tano! Nikaruka. Nikaisoma mita kwa sauti ili mpaka wanaosubiri hewa ya matairi wasikie: hamsini na mbili! Kwa tano! Zaidi ya kumi! Nikamkumbatia Mama. Nikamwambia Wifi akalete mito.

 Wifi alifungua mlango wa kigari chake, akamwita Kaka aje asome mita. Arobaini.

Tumetoka mahali pamoja. Tumepita njia moja. Tumerudi pamoja!

Nikasema mita ya Wifi inadanganya, vigari hivi vidogo vina mazoea hayo. Kaka akasema na jiwe la kiwandani je? Ndipo nikawaeleza habari ya lami kutanuka.

 Kijana wa pampu alitazama chini. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Wifi akaniuliza taratibu, kama mtu anayemuuliza mgonjwa, kwamba hiyo lami ilitanuka chini ya gari langu tu, yake ikaiacha?

Niliinama nikapapasa lami ya kituo.

Kaka akagawanya kwa kidole hewani. Arobaini kwa tano. Nane. Nane ileile! Hata ile nusu ya siku za kuamka vizuri imepotea!

Akaniambia pole dada yangu. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua. Bwana Chakavu atakuja Jumamosi.

Usingizi umekataa hadi saa nane.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mvua, sasa ambapo haina kazi.

Difu inavuja mafuta bandani. Nikamwita Fundi Mbona aifungue, walau Bi Mkubwa aondoke msafi. Kifuniko kilipotoka nikayaona meno. Nikayahesabu, kubwa na dogo, kwa chaki. Kubwa arobaini na moja. Dogo manane.

Arobaini na moja kwa manane ni zaidi ya tano.

TANO!

Si mbili na nusu! Propela inazunguka mara tano kwa gurudumu mara moja! Nimemtoa Bi Mkubwa kwenye nne nimempeleka kwenye tano! Injini haikuwa inaimba, ilikuwa inapiga kelele za kuomba msaada!

Nilivaa miwani nikasoma zile aya mbili za maandishi madogo. Zinasema gurudumu moja likiwa limegusa chini na jingine liko hewani, difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Kwa hiyo lile la hewani lazima lizungushwe mara mbili, siyo mara moja. Lile la kushoto lilikuwa limefukiwa mchangani. Nilizungusha mara moja. Na aya ya pili: mita ya kilomita husoma kutoka kwenye propela, kwa hiyo difu ikibadilishwa mita husema uongo. Propela ilizunguka zaidi, mita ikadhani tumekwenda mbali zaidi.

Barabara haijatanuka.

Fundi Mbona naye alikuwa ameduwaa, kwa sababu kumbe siku zote alikuwa anazungusha mara moja kama mimi. Akasema mbona basi amewafungia watu wengi. Akakusanya spana zake haraka, akaondoka bila chai.

Nilikwenda kumwomba Bwana Chakavu difu yetu ya zamani, ambayo nilimpelekea baadaye kama nyongeza. Ameshaiuza. Bafu je? Limeyeyushwa.

Mama sijamwambia.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Jua la kuchoma. Hakuna jani linalotikisika.

Tanuri limefika. Nilikuwa nalichukia kabla sijaliona, nilipoliona nikaogopa. Refu kuliko Kaka, pana kama kitanda cha watu wawili, limekaa juu ya vyuma viwili kama skii za theluji za kwenye picha. Lori lilishindwa kupita getini, likalishusha hapohapo na kukimbia. Toka getini hadi bandani ni mwinuko, na banda ndilo liko juu kabisa.

Wapagazi wanne walisukuma. Halikusogea. Walipumzika, wakasukuma, halikusogea. Mmoja akalala kwenye nyasi akasema wamwache. Wifi akaleta kigari chake, wakafunga kamba. Magurudumu ya mbele yakazunguka palepale yakichimba udongo, moshi, harufu ya mpira, kigari kikabaki kinalia kama paka aliyefungiwa nje. Wifi alishuka, uso umemshuka pia. Mikate ya harusi ya watu imeshaagizwa kwa kesho.

Ndipo akakumbuka. Akanigeukia mbele ya wapagazi, mikono kiunoni. Akasema wifi, si uliapa utalivuta mwenyewe?

Kweli niliapa. Sikusema kwa mikono.

Bi Mkubwa alikuwa lazima atoke bandani hata hivyo. Nikamtoa, nikamteremsha hadi getini, nikamgeuza akatazama juu. Kamba nyuma, tanuri mkiani. Kaka akasema niache utoto, nitang'oa ekseli. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachia klachi.

Akaenda!

Akaenda bila kuruka, bila moshi, polepole kama bibi harusi, tanuri zima likimfuata! Wapagazi wakapiga mbinja. Aliyelala alinyanyuka. Mama alitoka jikoni na mwiko. Difu ya kukokota mawe! Hilo ndilo jambo aliloniambia Bwana Chakavu na mimi nikamwonea huruma!

Wifi alikuwa anatembea kando analisindikiza, anapiga kelele, "Vuta wifi! Vuta mpenzi wangu! Usisimame, ukisimama litarudi!" Ni kweli, lingerudi hadi barabarani na kuingia duka la dawa. Kwa hiyo sikusimama. Nikapanda, nikaingia bandani, nikaendelea mpaka bampa ya mbele ikabusu ukuta. Tanuri likaruka kizingiti kwa kishindo, likakaa sawa, mdomo wake ukitazama nje. Vigelegele. Wifi akasema nimemfunga mdomo, hakujua gari hili lina roho ya ng'ombe.

Nikazima injini. Nikatazama nyuma kupitia kioo.

Hakukuwa na mlango. Palipokuwa na mlango palikuwa na tanuri.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Nadhani kila mtu aliliona kwa wakati wake. Kaka aliita kutoka upande wa pili, sauti yake ikapita juu ya tanuri kwenye kiupenyo. Aliuliza kama niko sawa. Nikasema niko sawa, ila niko ndani. Na Bi Mkubwa yuko ndani. Wifi aliuliza kwa sauti ndogo ni nani sasa atalivuta tanuri ili gari litoke. Jibu lilikuwa limeegeshwa kando yangu, humo ndani.

Nilitolewa kwa kidirisha cha hewa, Mama akinivuta mikono, Kaka akimvuta Mama.

Ningependa kuandika kwamba nilipanga. Sikupanga. Nilishtuka kuliko wote.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Upepo mwanana. Harufu ya mkate tangu alfajiri.

Bwana Chakavu amekuja na mizani, kamba na vijana. Kaka alimpeleka bandani akamwonyesha. Alizunguka banda lote kutafuta mlango mwingine. Upande wa nyuma ni ukuta wa pamoja na jirani, ambaye ni wakili na hupenda kesi. Akashauri Bi Mkubwa alisukume tanuri nje kwa nyuma. Kaka akamwonyesha mwinuko, geti, barabara, na duka la dawa ambalo mwenyewe alikuwa amekaa mlangoni anatutazama kwa makini. Bwana Chakavu akashauri tanuri likatwe vipande. Wifi alikuwa ameshalifunga bomba la moshi na kuliwasha, ana unga hadi kwenye nyusi. Akashika mwiko wa kutolea mikate, ule mrefu, akamwambia arudie alichosema. Akaanza kukunja kamba zake.

Kaka alikaa juu ya mizani. Ilisoma kilo nyingi kuliko anazokiri. Akafikiri, akatazama banda, akaanza kucheka peke yake mpaka akafuta machozi. Akasema basi. Gari libaki. Akasema hata Baba hajawahi kuliegesha vizuri namna hiyo.

Gari linabaki! Nimelazimika kuingia chooni na kufunga mlango kwa muda.

Alitoa sharti moja mbele ya Mama: nisiiguse tena difu ya Bi Mkubwa maisha yangu yote. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo mweupe kabisa. Wifi alinikatia kipande cha mkate wa kwanza, moto, akasema tumezikwa pamoja humu, wewe gari lako na mimi tanuri langu, basi tupatane. Tumepatana. Nilikula nikiwa nimesimama chini ya kidirisha cha hewa. Kulikuwa na harufu ya mkate, na chini yake, kwa mbali, mafuta ya nywele.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Asubuhi baridi kidogo, jioni tulivu.

Siku njema. Wifi amepeleka mikate madukani toka asubuhi kwa kigari chake, mara sita, na kurudi amechoka akilalamika kwamba kimeanza kula mafuta. Nilimwonea huruma. Sasa ni rafiki yangu. Na kiapo changu kilikuwa juu ya difu ya Bi Mkubwa, hakikutaja difu ya mtu mwingine yeyote.

Kwa hiyo alipolala mchana nilichukua chaki, jeki, na miwani. Safari hii miwani! Nikanyanyua kigari nyuma, magurudumu yote mawili, kisha nikaingia chini kwa mgongo ili niihesabu vizuri, kwa utaratibu, bila kosa hata moja.

Sijapata kushtuka hivi maishani.

Hakuna difu!

Hakuna bonge, hakuna propela, hakuna kitu! Katikati ya magurudumu ya nyuma kuna fito tupu kama la kuanikia nguo! Nilipapasa kwa mkono nikidhani macho yananidanganya. Wifi ameendesha kigari hiki miaka yote bila difu na hakuna aliyemwambia! Ndiyo maana Ijumaa kilishindwa kuvuta!

Nimempigia Fundi Mbona. Akaniambia mbona magari madogo ya siku hizi huvutwa na magurudumu ya mbele, difu yake iko hukohuko mbele kwenye giaboksi. Nikamwambia aache kubahatisha, mtu ambaye hadi wiki iliyopita hakujua kuzungusha gurudumu. Punda ndiye huvuta kwa mbele. Gari husukumwa.

Ama wezi wameiiba, ama Wifi aliuziwa kigari bila difu. Sitamwambia Wifi, atafadhaika bure. Nitampa kama zawadi ya kupatana. Kesho mapema nakwenda kwa Bwana Chakavu kumtafutia ekseli nzima ya nyuma, nzuri, na safari hii nitazungusha mara mbili.

Naweka kalamu chini. Nimejaribu kulala mara mbili kwa furaha nikashindwa. Sasa macho yanafumba yenyewe, saa sita kasorobo.